Mwaka Niliomwandikia Mariamu

Tulipomzika Anti Kalekye pale Matinyani mwezi uliopita, aliyesoma historia ya marehemu alikuwa Mariamu. Alisimama mbele ya watu, karatasi mkononi, akasoma bila kutetemeka, na alipofika mahali paliposema kwamba marehemu ameacha watoto wawili alimtazama mdogo wake Yona aliyeshika picha ya mama yao, kisha akaendelea. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye hema pamoja na akina mama wa kanisa. Mmoja wao, niliyemjua kwa sura tu, aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Si ni wewe ulisaidia hawa watoto wakakuja kutoka Tanzania?" Nikamwambia nilisaidia kuandika barua. Akasema Mungu atanilipa. Nilishukuru, nikatazama viatu vyangu. Sikuwa na namna ya kumweleza, pale matangani, kwamba barua hizo nusura ziwazuie wasije kabisa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja kuitwa chuo, na kwetu Mukuyuni hapakuwa na kazi ya maana ya kunishughulisha, kwa hiyo mama alinituma Kitui, kijijini Matinyani, nikamsaidie dada yake. Anti Kalekye na mumewe, Anko Mutiso, walikuwa wamekaa kwenye ndoa miaka kumi na sita bila mtoto. Muda mfupi kabla sijafika, Anti alikuwa amesafiri na kwaya ya akina mama hadi mji mmoja mdogo upande wa Tanga, kwenye kongamano la kanisa. Walilazwa katika nyumba ya kulelea watoto, na kila alfajiri kwa siku nne msichana mmoja wa miaka kumi na moja, Mariamu, alimletea maji ya kuoga. Siku ya mwisho msichana huyo alimwuliza, "Mama, kwenu ni mbali?" Anti alirudi na swali hilo. Aliliweka mezani kila tulipokula, kama mtu anayeweka chumvi, mpaka Anko Mutiso akasema sawa, tuulize sheria inasemaje.

Sheria ilisema mambo mengi. Afisa wa watoto aliyeshughulikia faili yetu, mama mmoja mtaratibu tuliyemwita Madam Ndinda, alieleza kwamba mtoto wa umri ule si wa kuchukuliwa mgongoni kama mtoto mchanga. Ana kumbukumbu zake, ana mdomo wake, na mwisho wa yote ataulizwa mwenyewe kama anataka. Kwa hiyo, mbali na fomu, vipimo vya hospitali na barua ya mchungaji, alitaka kuona kwamba watu hawa wanajuana. Watembeleane kama wataweza. Waandikiane. Kila barua itolewe nakala na iwekwe kwenye faili. Hapo ndipo nilipopata kazi yangu. Anti alisoma Biblia ya Kikamba bila shida, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuza vyondo, vile vikapu vya kusuka, na kuuliza bei, na aliogopa kukiandika. "Mumbua ndiye amesoma," alisema. "Mimi nitasema, yeye ataandika."

Barua ya kwanza kutoka kule iliniaibisha. Ilikuwa na Kiswahili ambacho sisi tulikiona kwenye karatasi za mtihani tu, kila neno limekaa mahali pake, na mwandiko uliolala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. "Mama yangu mtarajiwa, nakuamkia kwa heshima na taadhima." Nilimsomea Anti nikimfafanulia, naye akalia kidogo, akajipangusa kwa leso, akaniambia niisome tena. Mimi niliona wivu. Nilienda Kitui mjini nikanunua kamusi iliyotumika, isiyo na jalada, nikaapa kwamba mtoto wa darasa la nne hatanishinda. Haikunipitia akilini kujiuliza mtoto wa darasa la nne amejifunzia wapi neno taadhima.

Anti alinena barua zake akiwa jikoni, akisuka kyondo au akichagua mawe kwenye ndengu. Alinena kwa Kikamba na alinena ukweli. "Mwambie hapa jua ni kali. Mwambie mto wetu ni mchanga mtupu, maji tunachimba. Mwambie sijui kusuka nywele vizuri, nitamkosea, asinichekelee. Mwambie tunakula muthokoi, yaani mahindi ya kukobolewa, karibu kila siku na kama hapendi aniambie, mimi pia kuna siku siupendi." Nilikuwa nikisema ndiyo, Anti, halafu naingia chumbani naandika kwamba nyumbani kwetu kuna mto, na miembe, na wasichana wa rika lake wanaomngojea kwa hamu. Nywele niliziacha. Niliona kwamba mtu akiandika anaandika mazuri, hasa kama anaandikia watu wenye Kiswahili kama kile. Leo nikifundisha watoto insha, na nimefundisha kwa miaka mingi, huwa nawaambia waandike kile Anti alichonena jikoni, ingawa hawajui ninamzungumzia nani.

Nyumba nzima iliingia homa ya kungoja. Chumba cha mtoto kilikuwa stoo ya nafaka, na hata baada ya kuoshwa mara tatu kilinuka dawa ya kuua fukusi. Anti aliingia kila asubuhi, akavuta pumzi, akatoka akitikisa kichwa. Anko Mutiso, aliyekuwa mchomeleaji wa vyuma mjini, alitengeneza kitanda akanilaza mimi chini kwanza ili akadirie urefu. Halafu Anti alipata wasiwasi wa chakula. Alisikia kwamba watu wa Tanga hula wali wa nazi, akaenda kwa Mama Zubeda, mama Mwislamu mwenye duka karibu na msikiti wa Kitui, ambaye watu wake walitoka pwani zamani. Mama Zubeda alimwuzia nazi mbili na kumfundisha kukamua tui. Vilevile alimfundisha kwamba mtoto wa kule akisema shikamoo haulizwi habari, anajibiwa marahaba. Wali wa kwanza uliungua chini na kubaki mbichi juu. Anko aliula wote, akanywa maji mengi, akasema, "Ni chakula kizuri. Kina kazi, lakini ni kizuri."

Madam Ndinda alikuja kutukagua siku ya Alhamisi. Alitazama tangi la maji, choo, madirisha, akahesabu vyumba. Anti alikuwa amefanya mazoezi ya majibu wiki nzima akifagia ua, lakini alipoulizwa kwa nini anataka mtoto mkubwa na si mchanga, majibu yote yalimtoroka, akasema tu, "Ni yeye aliniuliza kama kwetu ni mbali." Madam aliandika kitu. Akamgeukia Anko. "Na mtoto akikukataa? Wa umri huo anaweza kukaa mwaka hataki hata kukuita baba." Anko alifikiri, akajibu, "Nitangoja." Madam alipoondoka, Anti alikaa kwenye kigoda akaniuliza kama lile "nitangoja" lilikuwa jibu zuri au baya. Aliniuliza tena jioni, na tena kesho yake.

Ripoti ilikuja nzuri: familia inafaa kulea mtoto mmoja. Anti aliipeleka kanisani ikaombewa.

Baada ya hapo alitaka kununua viatu. Aliniambia niandike wamchore mtoto unyayo kwenye karatasi, watutumie. Barua ilirudi baada ya majuma matatu, kwa anwani ya sanduku la kanisa ambalo tulikuwa tukilitumia, na ndani mlikuwa na karatasi ya daftari yenye unyayo uliochorwa kwa penseli. Niliifungua mwenyewe, nimesimama nje ya posta. Nilipoigeuza nikaona upande wa nyuma kumechorwa unyayo mwingine, mdogo, unaoweza kuenea kwenye kiganja changu. Mtu alikuwa ameusugua kwa kifutio, lakini penseli ilikuwa imegandamizwa sana. Chini yake, kwa herufi kubwa zilizopinda, herufi ambazo hazikufanana hata kidogo na mwandiko wa zile barua, paliandikwa: YONA MIAKA 5 NA YEYE HANA VIATU.

Nilikaa kwenye ngazi za posta. Nilielewa mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba Mariamu alikuwa na mdogo wake, na kwamba yule niliyekuwa nikishindana naye kwa kamusi hakuwa Mariamu.

Nilimpa Anti karatasi ile imekunjwa, unyayo mkubwa juu, naye akapima kwa kamba akairudisha kwangu bila kuigeuza. Jioni, tukipukuchua mbaazi, nilijaribu. "Anti, na kama huyo mtoto angekuwa na ndugu?" Aliacha kupukuchua. "Angekuwa naye wangetuandikia," alisema. Lakini neno lilimwingia, kwa sababu kulipopambazuka niliwasikia. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye mabati, na chai ya alfajiri waliinywa wakizungumza. Anti alisema, kama mtu anayefikiri tu, kwamba mtoto mmoja atakuwa mpweke, pengine Mungu angewapa wawili. Kisha nikamsikia Anko, "Mmoja, Kalekye. Nilikubali mmoja. Nguvu zangu nazijua mwenyewe. Ukiniambia wawili, nitasimama hapo hapo nirudi nyuma." Kikombe kiliwekwa mezani. Anti akasema, "Sijasema wawili. Nilikuwa nauliza." Hawakulitaja tena.

Basi nikamwandikia kwa siri mama mlezi, mkuu wa ile nyumba ya kulelea watoto, nikamwuliza Yona ni nani. Jibu lake lilikuja ndani ya barua ya kawaida, kwenye kipande cha karatasi, kwa mwandiko ule ule uliolala upande. "Binti, ulichokiona umekiona. Wamekwisha kuja watu hapa mara tatu, wakasikia ni wawili, wakageukia mlangoni. Msichana anakua. Akivuka umri huu hakuna atakayemtaka, na mimi nimeona wanakokwenda wasiotakiwa. Mdogo bado ana muda, atapata wa kwake. Mlango mmoja uliofunguka usiufunge. Chana karatasi hii." Niliisoma jikoni nikaitia kwenye moto. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Hata leo sijui nimwite nani. Nilijua tu kwamba sasa tulikuwa wawili tunaoandika uongo, yeye wa kwake na mimi wa kwangu, na kati yetu kulikuwa na mtoto aliyeandika sentensi moja ya kweli ikafutwa.

Kwa miezi mitano nilinyamaza. Nilipungua, na Anti akadhani nina minyoo, akaninywesha dawa. Akishona nguo ya mtoto aliniita nisimame ajaribu mikono, na mimi nilisimama nikiwa nimeinua mikono kama mwizi. Kila siku nilipanga kusema, na kila siku nilimwona jinsi alivyoingia kile chumba, akainyoosha shuka iliyonyooka, nikajiambia: nikisema, Anko atarudi nyuma, Madam atafunga faili, na mama huyu atakufa bila kuitwa mama. Nikisema, wote watatu, Anti, Mariamu na Yona, watakosa. Nikinyamaza, angalau wawili watapata. Nilifanya hesabu hiyo mara nyingi na kila mara ilitoka vile vile, na bado sikuweza kula.

Tulikwenda huko Tanga mwezi wa Agosti, Anti, Anko na mimi, niliyechukuliwa kama msomaji wao. Kikao cha kumwuliza mtoto mwenyewe kilikuwa katika chumba cha wageni cha ile nyumba ya watoto, chenye meza ndefu iliyotandikwa plastiki ya maua. Palikuwa na yule mama mlezi, mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na palikuwa na ofisa wa ustawi wa jamii na faili lake. Waliweka chai na vitumbua. Mariamu aliingia amevaa nguo aliyoshonewa na Anti, na viatu vilivyomkaa sawasawa. Aliamkia kila mmoja, shikamoo, shikamoo. Anti alijibu marahaba kama alivyofundishwa, kwa sauti iliyokwaruza. Aliponifikia mimi nikasema, "Mzuri." Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Ofisa alimwuliza kama anawajua hawa. Alijibu kwamba anawajua kwa barua na amewapenda. Aliulizwa kama anataka kwenda kuishi nao. Alijibu, "Ndiyo, ni furaha yangu kupata wazazi wenye upendo na makao yenye amani," na nilizijua sentensi hizo, kwa sababu zilikuwa kwenye barua ya nne. Macho yake yalikuwa mlangoni. Alipewa vitumbua viwili. Alikula nusu ya kimoja, na kilichobaki akakishusha polepole mfukoni mwa ile nguo mpya. Anti aliona. "Ana njaa, maskini," alisema, akamwongezea. Mariamu aliitikia asante, na hivyo pia vikaenda mfukoni, mafuta yakaanza kujitokeza kwenye kitambaa.

Sikuamua kusema. Nasema hivyo kwa sababu watu wamenisifu. Mdomo wangu ulifunguka tu, nikamwuliza, "Ni vya Yona?"

Mariamu alinitazama kwa mara ya kwanza. Mama mlezi aliweka kikombe chini. Anti akageuka huku na huku akitabasamu, kama mtu aliyepitwa na mzaha. "Yona ni nani?"

"Ni mdogo wangu," Mariamu alisema. Sasa sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtoto. "Amepelekwa shambani kwa jirani mpaka wageni waondoke. Na barua sikuandika mimi. Nikienda, nani atamwamsha akojoe?"

Anti hakumwuliza mlezi kitu. Alinigeukia mimi. "Jina umelijuaje?" Nikamwambia, kwa Kikamba, yote: unyayo, kipande cha karatasi, moto. Ilichukua muda mfupi zaidi kuliko nilivyoogopa. "Tangu lini?" aliuliza. Nikasema tangu mwezi wa tatu. Ofisa alifunga faili akasema kwa upole kwamba leo hapa hapataandikwa kitu. Mama mlezi alivua miwani akaanza kulia, akisema alitaka angalau mmoja. Na Anko Mutiso akaomba aletwe huyo kijana amwone. Waliporudi naye, alikuwa mfupi, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alimkimbilia dada yake, akaanza kula vile vitumbua papo hapo, akimkodolea Anko macho. Anko akasimama, akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani, ameshika uzio kwa mikono miwili, na nikajua nimevunja kila kitu.

Tulirudi Matinyani mikono mitupu. Majuma sita Anti alinisemesha kuhusu maji, kuni na mbuzi tu. Chumba alikifunga. Kisha siku moja akaniambia, bila ukali, nirudi kwetu nikangojee barua ya chuo huko. Nikifunga begi langu, Anko alikuja akasimama mlangoni. "Nimetoka kwa Madam," alisema. "Nimemwuliza fomu za wawili zinakuwaje. Amesema tuanze mwanzo, kila kitu." Alikuna shingo. "Sijui hizo nguvu nitatoa wapi. Lakini siwezi kulala na yule mtoto ananiangalia hivyo." Nilitaka kumshukuru, akawa ameshaenda kazini.

Ilichukua miezi kumi na minne. Ukaguzi mpya, vipimo vipya, safari mbili ambazo mimi sikwenda, na barua ambazo sikuandika. Walikuja wote wawili mwezi wa kumi na moja, nami nikiwa chuoni, nikapata habari kwa simu ya mama. Nilikwenda kuwaona Krismasi, naogopa kama mtu anayepelekwa kwa chifu. Haikuwa nyumba ya amani kama barua zilivyosema. Yona hakukubali kulala bila kushika sikio la dada yake. Mariamu alificha vipande vya ugali chini ya godoro mpaka sisimizi wakaja, alimwita Anko "mzee", na nywele zake, kweli, zilikuwa zimesukwa vibaya. Aliniambia, "Wewe ndiye wa barua. Ulisema kuna mto." Nikampeleka nikamwonyesha. Alisimama kwenye mchanga muda mrefu, akasema kama angejua angekuja na ndoo kubwa. Sikujua kama ananilaumu, mpaka leo sijui. Miaka mitatu baadaye alimwita Anko baba, kwa bahati mbaya, akiwa na haraka, na Anko akajifanya hakusikia ili asimwaibishe.

Lakini nataka kumaliza na Krismasi ile, siku niliyokuwa naondoka. Anti alikuwa jikoni anapepeta muthokoi, nami nimekaa karibu naye nikingoja aseme kitu, kwa kuwa tangu nifike alinikaribisha vizuri kama mgeni, na kukaribishwa kama mgeni na mama mdogo wako ni adhabu. Nikamwambia, "Anti, nilifikiri nikikuambia utakosa wote." Aliendelea kupepeta.

"Najua ulichofikiri," alisema. "Ulinipima, Mumbua. Ulikaa na mimi, ulikula kwangu, na ukanipima ukaona sitoshi. Mutiso pia ukampima. Ungeniambia siku ile ulipotoka posta, ningelia, ningegombana na huyu mzee wiki moja, halafu tungeenda. Na huyo mdogo asingekaa mwaka mwingine mzima anafichwa shambani wageni wakija."

Nje, Yona alikuwa akimfukuza kuku na Mariamu akimkemea kwa Kiswahili chao cha Tanga. Anti aliweka ungo chini, akanipakulia chakula kwenye sahani, akaketi mbele yangu akingoja nile. Nikala. Hakuondoka mpaka nilipomaliza.